Ujumbe fiche kwenye mifumo huria ya simu

Ujumbe fiche kwenye mifumo huria ya simu ni matumizi ya programu za mawasiliano zinazosimba ujumbe, kama vile Signal, Element, Conversations na Briar, katika simu janja ambazo mfumo wake wa uendeshaji si ule uliowekwa na kiwanda bali ni mfumo huria uliotengenezwa na jumuiya au taasisi nyingine. Mifano ya mifumo hiyo ni LineageOS, GrapheneOS, /e/OS, Ubuntu Touch na postmarketOS.

Watumiaji wa simu za namna hii ni pamoja na waandishi wa habari, mawakili, watetezi wa haki za binadamu, wataalamu wa kompyuta na watu wa kawaida wasiotaka shughuli zao zikusanywe na makampuni makubwa. Wengi huamini kwamba programu fiche na mfumo huria ni kinga moja. Kwa kweli ni kinga mbili tofauti. Usimbaji hulinda ujumbe ukiwa njiani kati ya simu na simu, na mfumo wa uendeshaji hulinda ujumbe ukiwa ndani ya simu yenyewe. Kinga moja ikilegea, nyingine haiwezi kuziba pengo lake.

Maana ya istilahi

Usimbaji fiche ni kugeuza maandishi, sauti au picha kuwa alama zisizosomeka bila ufunguo. Usimbaji wa mwisho hadi mwisho ni ule ambao funguo zake zinakaa katika simu za wanaowasiliana peke yao. Seva inayopokea na kusambaza ujumbe haina ufunguo, kwa hiyo mwenye seva hawezi kuusoma, wala kuukabidhi kwa mtu mwingine katika hali ya kusomeka.

Mfumo wa uendeshaji ni programu ya msingi inayosimamia simu nzima: skrini, kamera, kumbukumbu, mtandao na programu nyingine zote. Mfumo huitwa huria ikiwa msimbo wake wa chanzo uko wazi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza.

Android ina pande mbili. Sehemu yake ya msingi ni huria na imejengwa juu ya kerneli ya Linux. Lakini simu nyingi zinazouzwa madukani huongezewa programu za Google ambazo msimbo wake umefungwa, hasa duka la Google Play na huduma zinazoandamana nalo. Mifumo mingi inayoelezwa katika makala hii inatumia sehemu ya kwanza na kuiacha ya pili, au kuibana.

Historia

Mwaka 2009 Steve Kondik, mtaalamu wa programu kutoka Marekani, alianza kusambaza CyanogenMod, toleo la Android lililorekebishwa na wapenzi wa simu. Lilienea duniani hadi shughuli zake zilipofungwa mwezi Desemba 2016. Mwezi huohuo wanajumuiya waliendeleza kazi hiyo kwa jina la LineageOS.

Kwa upande wa usalama, Daniel Micay wa Kanada alikuwa mmoja wa waanzilishi wa CopperheadOS. Baada ya mgogoro na mshirika wake mwaka 2018 aliendelea na kazi kivyake, na tangu 2019 mradi huo unajulikana kama GrapheneOS. Mfaransa Gaël Duval, aliyekwisha kujulikana kwa kuanzisha Mandrake Linux, alianzisha /e/OS kwa lengo la kuwapa watu wa kawaida simu isiyotuma taarifa zao kwa Google.

Njia nyingine ilikuwa kuacha Android kabisa. Kampuni ya Canonical ilitengeneza Ubuntu Touch, ikaiacha mwaka 2017, nayo ikachukuliwa na jumuiya ya UBports. Mwaka huohuo ulianza mradi wa postmarketOS, unaokusudia kuzipa simu za zamani maisha marefu.

Programu za ujumbe zilikuwa na safari yake. Mwaka 2010 Moxie Marlinspike na Stuart Anderson walitoa TextSecure kwa ajili ya ujumbe na RedPhone kwa ajili ya kupiga simu. Programu hizo ziliunganishwa mwaka 2015 na kuwa Signal kwenye Android. Mwezi Aprili 2016 WhatsApp ilitangaza kuwa mazungumzo yote ya watumiaji wake yanasimbwa kwa protokoli ya Signal. Mwaka 2018 iliundwa Signal Foundation, taasisi isiyotafuta faida, kwa fedha za Brian Acton, mmoja wa waanzilishi wa WhatsApp.

Kwa miaka kadhaa Signal yenyewe, ingawa msimbo wake uko wazi, haikufanya kazi vizuri katika simu zisizo na huduma za Google. Wapo waliotengeneza toleo lisilozihitaji, lililoitwa LibreSignal, lakini mwaka 2016 Marlinspike aliwaambia hataki watumie seva wala jina la Signal, na mradi huo ukasimama. Mnamo Februari 2017 Signal iliongezewa uwezo wa kupokea ujumbe bila huduma za Google, na mwezi Machi mwaka huo ikaanza kupatikana katika tovuti yake bila kupitia Google Play.

Namna usimbaji unavyofanya kazi

Kila simu yenye programu fiche hutengeneza funguo mbili zinazokwenda pamoja: ufunguo wa hadharani, ambao hupewa wengine, na ufunguo wa siri, ambao hautoki nje ya simu. Kwa kutumia ufunguo wake wa siri na ule wa hadharani wa mwenzake, kila upande unaweza kukokotoa siri moja ya pamoja bila kuituma mtandaoni.

Protokoli ya Signal inaongeza jambo la pili: funguo hubadilika kadiri mazungumzo yanavyoendelea. Mtu akifaulu kuiba ufunguo wa leo hawezi kusoma ujumbe uliopita, na baada ya pande zote kuandikiana tena hupoteza pia uwezo wa kusoma ujumbe ujao. Mwaka 2023 Signal iliongeza kinga dhidi ya kompyuta za kwantamu zinazotarajiwa kuja.

Usimbaji hauwezi peke yake kuthibitisha kwamba ufunguo uliopokewa ni wa mtu anayekusudiwa. Kwa sababu hiyo Signal ina nambari ya usalama yenye tarakimu 60 kwa kila mazungumzo. Watu wawili wakikutana ana kwa ana wanaweza kulinganisha tarakimu hizo, au kupiga picha msimbo wa QR kwa simu zao. Zikilingana, hakuna mtu wa tatu aliyejipenyeza katikati. Nambari hiyo hubadilika mmoja wao anapohamia simu nyingine au kuweka programu upya, na ndiyo sababu programu hutoa taarifa.

Usimbaji vilevile hauondoi alama zote za mawasiliano. Nani alimwandikia nani, lini na mara ngapi, ni taarifa ambazo baadhi ya seva hubaki nazo. Signal imejitahidi kuzipunguza. Mwaka 2016, ilipopewa amri ya mahakama katika jimbo la Virginia nchini Marekani, ilichoweza kutoa ni tarehe ya kufunguliwa kwa akaunti na tarehe ya mwisho ya kuunganishwa na seva.

Tatizo la arifa

Jambo linalowashangaza wengi wanaohamia mfumo huria ni kwamba ujumbe huchelewa. Programu imewekwa vizuri, mtandao upo, lakini simu haitoi mlio hadi mwenyewe aifungue programu. Chanzo chake ni jinsi arifa zinavyosafiri.

Katika simu ya kawaida ya Android, programu haziachwi zikisikiliza mtandao kila moja kivyake, maana betri ingeisha upesi. Badala yake simu huwa na muunganisho mmoja tu na seva za Google, unaotumiwa na programu zote. Ujumbe unapofika katika seva ya Signal, seva hiyo huiomba Google iiamshe simu ya mpokeaji. Google hutuma ishara tupu isiyo na maneno ya ujumbe. Programu ikishaamka huenda yenyewe katika seva ya Signal, huchukua ujumbe uliosimbwa na kuusimbua ndani ya simu.

Kwa hiyo Google haisomi ujumbe wa Signal. Hata hivyo inajua kwamba simu fulani imepata arifa ya programu fulani saa fulani. Mwezi Desemba 2023 seneta Ron Wyden wa Marekani aliandika barua kwa Wizara ya Sheria ya nchi hiyo, akieleza kuwa serikali za kigeni zimekuwa zikidai taarifa za arifa kutoka Apple na Google. Tangu hapo suala la arifa limechukuliwa kwa uzito zaidi.

Simu isiyo na huduma za Google ina njia nne za kupata arifa:

1. Muunganisho wa programu yenyewe. Programu hukaa imeunganishwa na seva yake muda wote. Signal hufanya hivyo inapokosa huduma za Google, na huonyesha taarifa ya kudumu juu ya skrini. Conversations nayo hutumia njia hii. Ni lazima mtumiaji aitoe programu hiyo katika orodha ya zile zinazobanwa ili kuokoa betri, la sivyo mfumo utailaza usingizi.

2. microG. Ni programu huria iliyoanzishwa na Marvin Wißfeld, inayoigiza sehemu ya huduma za Google. Arifa bado hupitia seva za Google, lakini simu haina msimbo uliofungwa wa kampuni hiyo. /e/OS inakuja nayo tayari.

3. Huduma za Google zilizofungiwa. Tangu 2021 GrapheneOS inamruhusu mtumiaji kuweka huduma halisi za Google kama programu ya kawaida isiyo na mamlaka ya pekee. Haziwezi kugusa faili, kamera wala mahali ulipo bila ruhusa, na zinaweza kufutwa wakati wowote.

4. UnifiedPush. Ni utaratibu huria unaofanana na ule wa Google, ambapo programu nyingi hutumia muunganisho mmoja, lakini mtumiaji huchagua seva ya kupitisha arifa au huendesha yake mwenyewe. Programu ya ntfy ni mojawapo ya zinazofanya kazi hiyo.

Njia ya kwanza ina uhuru mkubwa kuliko ya pili na ya tatu, lakini hula betri zaidi programu zikiwa nyingi. Anayetumia programu moja tu ya ujumbe mara nyingi haoni tofauti kubwa. Mwenye programu nne au tano huiona.

Programu zinazotumika

Signal ni rahisi kutumia na inajulikana zaidi. Huhitaji namba ya simu wakati wa kujiandikisha. Tangu 2024 mtumiaji anaweza kuificha namba hiyo kwa wengine na kutumia jina la mtumiaji, lakini kujiandikisha bila namba bado haiwezekani.

Molly ni tawi la Signal kwa ajili ya Android. Inatumia seva zilezile, hivyo mtu wa Molly na mtu wa Signal huandikiana bila shida. Inaongeza nenosiri la kufungia hazina ya ujumbe iliyo ndani ya simu, na ina toleo lisilo na msimbo wowote wa Google. Inaweza kutumia UnifiedPush.

Element ni programu ya protokoli ya Matrix, iliyoanza mwaka 2014. Matrix haina seva moja kuu. Shule, kampuni au wizara inaweza kuwa na seva yake na bado ikawasiliana na seva nyingine, kama ilivyo kwa barua pepe. Serikali ya Ufaransa imejenga juu yake programu ya Tchap kwa ajili ya watumishi wake. Upungufu wake ni kwamba seva hubaki na taarifa nyingi kuhusu nani yumo katika kundi gani.

Conversations, iliyotolewa na Daniel Gultsch mwaka 2014, hutumia protokoli ya XMPP ambayo asili yake ni Jabber ya mwaka 1999. Haihitaji namba ya simu na hutumia betri kwa uangalifu.

Threema ni programu ya kulipia kutoka Uswisi. Ilifungua msimbo wa programu zake za simu mwaka 2020, na ina toleo liitwalo Threema Libre kwa ajili ya simu zisizo na Google.

Briar haina seva kabisa. Ujumbe hupita kwenye mtandao wa Tor, na intaneti ikikatika unaweza kupita kwa Wi-Fi au Bluetooth kati ya simu zilizo karibu. Kwa kawaida ni lazima simu zote mbili ziwe hewani kwa wakati mmoja.

Telegram mara nyingi huhesabiwa miongoni mwa programu fiche, lakini mazungumzo yake ya kawaida na makundi yake hayasimbwi mwisho hadi mwisho. Ni mazungumzo ya siri ya watu wawili tu, yanayoanzishwa kwa makusudi, ndiyo yenye kinga hiyo.

Katika mifumo isiyo ya Android hali ni ngumu zaidi. Signal haitoi toleo rasmi kwa ajili ya Ubuntu Touch wala postmarketOS. Baadhi ya watumiaji huendesha programu za Android kwa kutumia Waydroid, na wengine huchagua Matrix au XMPP, ambazo zina programu zilizotengenezwa kwa ajili ya Linux. Chatty, kwa mfano, hushughulikia ujumbe wa kawaida wa simu, XMPP na Matrix kwa pamoja.

Usalama wa simu chini ya programu

Mwaka 2019 WhatsApp iligundua kuwa programu ya ujasusi ya Pegasus, ya kampuni ya NSO Group ya Israeli, ilitumwa kwa simu za watu wapatao 1,400 kupitia kasoro katika sehemu ya kupiga simu. Usimbaji wa WhatsApp haukuvunjwa. Simu ikishavamiwa, mvamizi husoma ujumbe kwenye skrini ileile anayoisoma mwenyewe. Tukio hilo linaonyesha kwa nini mfumo wa uendeshaji una uzito sawa na programu.

Mambo matatu hutofautisha mifumo huria kwa upande huu.

La kwanza ni masasisho. Kasoro za usalama hugunduliwa mara kwa mara, na simu isiyopata marekebisho hubaki wazi kwa wavamizi. LineageOS ina sifa ya kuzipa simu zilizotelekezwa na viwanda matoleo mapya ya Android. Hata hivyo haiwezi kurekebisha programu zilizofungwa za vipuri, kama vile modemu, ikiwa mtengenezaji wake ameacha kuzihudumia. Simu ya zamani yenye LineageOS ni afadhali kuliko simu hiyohiyo bila masasisho, lakini si sawa na simu mpya.

La pili ni kufuli ya programu ya kuwashia simu. Ili kuweka mfumo mwingine ni lazima kufuli hiyo ifunguliwe. Ikibaki wazi, mtu anayeishika simu kwa muda anaweza kuweka mfumo uliochezewa bila mwenyewe kujua. Simu nyingi zenye LineageOS hubaki wazi. Simu za Google Pixel huruhusu kufunga tena kwa ufunguo wa mfumo mpya, na hiyo ni sababu mojawapo ya GrapheneOS kujengwa kwa ajili ya simu hizo. Wengi huona ajabu kwamba mfumo unaokwepa Google unahitaji simu ya Google, lakini sababu yake ni hiyo ya kiufundi.

La tatu ni kinga dhidi ya simu iliyokamatwa au kuibwa. Simu iliyozimwa na kuwashwa bila kufunguliwa kwa nenosiri ni ngumu kuchimbwa data kuliko ile iliyokwisha kufunguliwa mara moja. GrapheneOS hujizima na kujiwasha yenyewe ikikaa saa 18 bila kufunguliwa, na tangu 2024 ina nenosiri la dharura ambalo likiingizwa hufuta data zote.

Uwazi wa msimbo una thamani yake hapa. Simu maalumu zilizouzwa kwa siri kwa ahadi ya usalama kamili ziliwaponza wateja wake. Mwaka 2020 polisi wa Ufaransa na Uholanzi waliingia katika mtandao wa EncroChat, na mwezi Juni 2021 ilifahamika kuwa mtandao wa Anom uliotumiwa na wahalifu ulikuwa ukiendeshwa na FBI yenyewe. Wanunuzi hawakuwa na namna ya kukagua kilichomo. Mfumo huria hauwi salama kwa sababu tu uko wazi, ila unaweza kukaguliwa na watu wasio na maslahi ya kuuza.

Kuhamia mfumo huria

Kufungua kufuli ya programu ya kuwashia hufuta kila kitu kilicho ndani ya simu. Kwa sababu programu fiche huweka ujumbe katika simu na si katika seva, mazungumzo yote hupotea ikiwa hayakuhifadhiwa kwanza. Hatua za kawaida ni hizi:

1. Kuhakikisha kwamba aina kamili ya simu imo katika orodha rasmi ya mfumo unaotakiwa. Simu mbili zenye jina linalofanana zinaweza kuwa na vipuri tofauti, na mfumo usioifaa simu huweza kuiharibu.

2. Kutengeneza nakala rudufu ndani ya programu ya ujumbe, kuihamishia kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu, na kuandika nenosiri lake kwenye karatasi. Nakala bila nenosiri haifunguki.

3. Kupakua mfumo kutoka tovuti ya mradi wenyewe na kukagua sahihi yake ya kidijiti.

4. Kuweka mfumo, kisha kufunga tena kufuli pale simu inaporuhusu.

5. Kupata programu za ujumbe kutoka chanzo cha kuaminika: tovuti ya watengenezaji au duka la programu huria la F-Droid, lililoanzishwa mwaka 2010. Programu inayosambazwa kwa jina la Signal katika makundi ya mitandao ya kijamii inaweza kuwa bandia.

6. Kuweka PIN ya Signal na kuwasha kinga ya usajili. Mwezi Agosti 2022 wadukuzi waliingia katika kampuni ya Twilio, iliyokuwa ikituma namba za uthibitisho kwa niaba ya Signal, na namba za watumiaji wapatao 1,900 zilikuwa hatarini. Mwenye PIN na kinga hiyo hangeweza kunyang'anywa akaunti kwa njia hiyo.

7. Kukagua mara kwa mara orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Mwezi Februari 2025 watafiti wa Google walieleza jinsi wadukuzi wanaohusishwa na Urusi walivyowadanganya askari wa Ukraine wapige picha msimbo wa QR, na hivyo kukiunganisha kifaa cha adui na akaunti zao. Hakuna mfumo wa uendeshaji unaoweza kuzuia kosa la namna hiyo.

Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki simu nyingi zinazouzwa ni za Tecno, Infinix na itel, ambazo ni majina ya kampuni moja ya China, Transsion. GrapheneOS haifanyi kazi katika simu hizo, na kwa jumla mifumo huria huzihudumia kwa shida. Anayetaka mfumo huria kwa kawaida hununua Pixel au Samsung iliyotumika, baada ya kukagua orodha ya mradi na kuhakikisha kuwa kufuli ya simu inaweza kufunguliwa. Wenye simu za Huawei zilizotoka baada ya vikwazo vya Marekani vya mwaka 2019 hawana huduma za Google, kwa hiyo nao hukutana na tatizo la arifa ingawa mfumo wao si huria.

Usajili wa laini za simu ni wa lazima nchini Tanzania, Kenya na Uganda. Tanzania ilianza usajili kwa alama za vidole mwaka 2019, ukihusishwa na kitambulisho cha taifa. Kwa hiyo programu inayojiandikisha kwa namba ya simu inafungamana na jina halisi la mtu, hata kama maneno anayoandika hayasomeki. Conversations, Element na Briar hazina sharti hilo.

Huduma za fedha ni suala jingine. Baadhi ya programu za benki hukagua kama simu ina mfumo ulioidhinishwa na Google, na zikikuta mfumo mwingine hukataa kufunguka. Huduma za fedha kwa njia ya namba fupi, kama *150*00# ya M-Pesa nchini Tanzania au *334# nchini Kenya, haziathiriki, kwa kuwa hupitia mtandao wa simu na si programu.

Intaneti nayo imewahi kukatwa. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikatwa kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi mkuu, na kurudi mwezi Januari 2019. Uganda iliikata kwa siku kadhaa kuanzia usiku wa tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi. Nyakati hizo Signal na WhatsApp hunyamaza sawasawa, maana usimbaji hausaidii pasipo na njia. Briar huendelea kufanya kazi kati ya watu walio karibu, mradi waliiweka na kubadilishana anwani mapema.

Mjadala

Wataalamu hawakubaliani kuhusu njia bora. Watengenezaji wa GrapheneOS hutanguliza usalama, na huikosoa mifumo inayoacha kufuli wazi au kuchelewesha masasisho. Wafuasi wa LineageOS na postmarketOS hujibu kuwa watu wengi hawana uwezo wa kununua simu mpya, na kwamba kurefusha maisha ya simu iliyopo ni faida kwa mtu na kwa mazingira. Wengine husisitiza kwamba hakuna simu huria kikamilifu, kwa sababu programu ya modemu hubaki imefungwa. Simu za PinePhone na Librem 5 hujaribu kupunguza tatizo hilo kwa kuwa na swichi halisi za kukata modemu, kamera na maikrofoni.

Kuna pia swali la Signal yenyewe. Seva zake ziko chini ya taasisi moja, jambo linalorahisisha maboresho na kuwafaa wasio wataalamu. Wanaopendelea Matrix na XMPP huona kuwa mawasiliano ya umma hayapaswi kutegemea mlango mmoja, ambao unaweza kufungwa na mwenye nao au kuzuiwa na serikali.

Uchaguzi hutegemea hatari inayomkabili mtu. Mwanafunzi anayetaka kupunguza matangazo na ufuatiliaji anatosheka na /e/OS na Signal. Mwandishi wa habari anayehofia simu yake kukamatwa anahitaji simu yenye masasisho na kufuli iliyofungwa, na nenosiri refu. Anayehofia intaneti kukatwa anahitaji Briar, pamoja na wenzake walioiweka kabla. Na katika hali zote usiri wa mazungumzo hutegemea pia simu ya upande wa pili: ujumbe uliolindwa vizuri huku unaweza kusomwa kule, ikiwa simu ya mpokeaji haina hata nenosiri.

Tazama pia

Android
Linux
Programu huria
Signal
Usalama wa kompyuta
WhatsApp